LANGA LANGA NA CHANZO CHA MBIO ZA SAFARI

Ukisikia jina Langa Langa bila shaka unafikiria mtaa wa Nakuru. Nami nilidhani hivyo hivyo, mpaka nilipofahamu kwamba katika miaka ya 1950 palikuwa na uwanja wa mbio za magari wa jina hilo huku kwetu Bonde la Ufa. Walowezi walikuja na magari yao, wakazunguka weee, kisha wakarudi mashambani. Uwanja huo ulikufa zamani.

Hata hivyo uliacha mtoto. Bwana Eric Cecil alimwalika binamu yake, Neil Vincent, ashindane hapo. Vincent alikataa katakata. Kuzunguka mahali pamoja kunachosha, alisema. Afadhali wavuke nusu ya Afrika na kurudi, na atakayetangulia kufika awe mshindi. Basi Mei 1953 zikaanza mbio za Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ajabu ni kwamba mwaka huo hapakuwa na mshindi mmoja, kwani magari yaligawanywa kulingana na bei yake dukani!

Guka wangu alikuwa na miaka 9 hapa Subukia. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, na baba yake, kibarua katika shamba la mlowezi, hakuweza kufika Nakuru bila kibali. "Wao walizunguka nchi tatu kwa raha," guka huniambia, "sisi hata kwenda sokoni ni karatasi."

Baadaye mbio zilifanywa wakati wa Pasaka, mvua ikinyesha, na matope ndiyo yakawa hakimu. Mwaka wa 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7 tu. Mwaka wa 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda pamoja na nduguye Jaswant kwa gari la Volvo. Hapo ndipo guka alipoanza kuzipenda.

Lakini zilipita barabara za kawaida, zenye matatu na ng'ombe. Baada ya 2002 Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia. Iliporudi mwaka wa 2021, kituo kilikuwa Naivasha, barabara zikafungwa, na sehemu za kushindania zilikuwa kama kilomita 320 tu.

Nilimpeleka guka Soysambu kutazama. Tulipokaribia, alisimama akaniuliza kama tunahitaji kibali. Nikamwambia, "Hapana guka, twende tu."