Habari ya Vim, Kihariri Kilicholelewa na Uhaba

Mtu akiifungua programu iitwayo Vim pasipo kuitajia faili lolote, hukutana na kioo kitupu, na katikati ya utupu huo mistari michache: jina la programu, nambari ya toleo lake, jina la mtungaji wake Bram Moolenaar, na ombi kwamba asomaye awasaidie watoto maskini wa Uganda. Ombi hilo limepita mbele ya macho ya mafundi wa kompyuta wa kila bara kwa miaka mingi, na aghalabu wao huandika amri yao ya kwanza likatoweka kabla hawajajiuliza limetoka wapi. Sisi tulio majirani wa Uganda yatupasa kujiuliza, maana jawabu lake ni habari ndefu yenye mafunzo na ihsani, na mwanzo wake u mbali sana na Uganda.

Kihariri, kwa muradi wa makala haya, si ile programu ya ofisi ya kuandikia barua, yenye kupanga kurasa na kunenepesha herufi. Ni chombo cha kuandika na kusahihisha maneno matupu yasiyo na pambo, kama wanavyoyahitaji wale watungao programu au watengenezao mafaili ya kuongozea seva. Kwa fundi wa namna hiyo kihariri ni kama randa kwa seremala: hakiachi mkononi kutwa nzima, na kikiwa kizito humchosha.

Mwaka 1969, katika maabara ya Bell nchini Marekani, Ken Thompson alitunga kihariri kilichoitwa ed. Wakati huo watumiaji wengi wa kompyuta hawakuwa na kioo cha kutazamia. Walikuwa na teleprinta, mashine iliyopiga herufi juu ya karatasi kwa kelele na kwa pole pole, hata mtu hakuweza kuliona andiko lake lote kwa pamoja, bali aliuita mstari mmoja, akautengeneza, kisha akauita mwingine. Ed hakikupoteza neno. Mtu alipokosea, kilimjibu kwa alama ya kuuliza peke yake, na kosa akalitafute mwenyewe. Huko London, katika Chuo cha Queen Mary, mwalimu George Coulouris aliona kwamba chombo hicho kinawafaa mabingwa tu, akakitengeneza upya na kukiita em, yaani kihariri cha wanadamu wa kawaida. Mwaka 1976 alikwenda nacho Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, na mwanafunzi mmoja aitwaye Bill Joy akakiona. Joy na mwenzake Chuck Haley walikichukua, wakakiendeleza, wakapata kihariri kiitwacho ex. Na Joy akakipa ex uwezo wa kuujaza uso mzima wa kioo maandishi na kumwacha mtu atembee ndani yake apendavyo. Uwezo huo ulipopewa jina lake lenyewe mwaka 1979, uliitwa vi.

Hapa napenda kukawia kidogo, kwa kuwa hapa ndipo tabia ya vi ilipofinyangwa. Joy alifanya kazi akiwa ameunganishwa na kompyuta ya chuo kwa waya wa simu, kwa chombo kilichopitisha herufi 30 tu kwa sekunde. Kioo cha siku zile kilikuwa na mistari 24 ya herufi 80, yaani nafasi 1,920, basi kukijaza mara moja tu kulihitaji zaidi ya dakika nzima. Mtu aliye katika dhiki ya namna hiyo hawezi kutunga chombo chenye maneno mengi. Kila herufi iliyopita katika waya ilikuwa na thamani, kwa hiyo kila amri ilifupishwa hata ikabaki herufi moja au mbili. Na kwa kuwa herufi za kibodi ndizo hizo hizo za kuandikia, vi ilitenga hali mbili: hali ya kuamuru, ambamo herufi ni amri, na hali ya kuandika, ambamo herufi ni herufi. Mgeni huingia katika hali ya kwanza asijue, akaandika jina lake, akaona maandishi yanaruka na kufutika, akaichukia programu siku hiyo hiyo. Lakini mwenye kusubiri hugundua kwamba amri zile zina nahau yake kama lugha: d ni kitenzi, maana yake futa, w ni yambwa, maana yake neno, basi dw ni futa neno, na d3w ni futa maneno matatu. Ajuaye vitenzi vichache na yambwa chache aweza kuunda sentensi ambazo hakufundishwa na mtu.

Hata mashine ya Joy iliacha alama yake. Ilikuwa ya namna iitwayo ADM-3A, na vishale vyake vya kuongozea vilichorwa juu ya vibonye vya h, j, k na l. Mashine hizo leo ni vitu vya makumbusho, ilhali vijana waliozaliwa miaka mingi baada yake wangali wakienda kushoto kwa h na kulia kwa l.

Msimbo wa vi ulijengwa juu ya ule wa ed, nao ulikuwa milki ya kampuni ya AT&T, hivyo asiye na leseni hakuruhusiwa kuupata. Kwa sababu hiyo watu walianza kutunga vya kuigiza. Kimoja kiliitwa Stevie, kazi ya Tim Thompson ya mwaka 1987, na mwaka uliofuata Bram Moolenaar, mhandisi Mholanzi aliyekuwa na kompyuta ya Amiga na asiyekuwa na vi ya kutumia ndani yake, alikichukua Stevie na kuanza kukirekebisha kwa haja yake mwenyewe. Tarehe 2 Novemba 1991 alikitoa kwa watu wote bure, kwa jina la Vim, katika diski nambari 591 ya mkusanyo wa Fred Fish. Vim kwanza ilimaanisha vi ya kuigiza; baadaye, ilipokwisha kumpita mwalimu wake, ikamaanisha vi iliyoboreshwa.

Mwaka 1994 Moolenaar alikwenda Kibaale, mji mdogo wa kusini mwa Uganda katika wilaya ya Rakai, karibu na mpaka wa Tanzania, akakaa mwaka mmoja akiwa mhandisi wa maji na usafi. Msomaji wa Kagera hahitaji kuelezwa Rakai ilikuwa na hali gani. Ukimwi ulikuwa umepita pande zote mbili za mpaka ule tangu mwanzo wa miaka ya 1980, ukaacha nyumba zenye watoto na vikongwe, na wa katikati wamezikwa. Kibaale palikuwa na kituo cha kuwasomesha na kuwatibu yatima, na Moolenaar aliporudi Uholanzi hakukisahau. Alisaidia kuanzisha mfuko wa ICCF wa kukichangia, kisha akafanya jambo ambalo kwangu ni adhimu kuliko ufundi wake wote: aliamua kwamba Vim haitauzwa, na kwamba mwenye kuona imemfaa apeleke alichonacho kwa watoto wa Kibaale. Hakumlazimisha mtu. Aliweka ombi mlangoni, naye mwenyewe akarudi Kibaale mara kadhaa kutazama fedha zimefanya nini.

Matoleo yalifuatana: la 5 mwaka 1998 likaleta rangi za kupambanua sehemu za msimbo, la 7 mwaka 2006 likaleta usahihishaji wa tahajia, la 9 likatoka mwaka 2022. Mwaka 2014 baadhi ya watu waliotaka mageuzi ya haraka walianzisha tawi liitwalo Neovim, nalo limestawi. Moolenaar aliendelea kuisimamia Vim yake hata alipofariki dunia tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na umri wa miaka 62. Wenzake waliipokea kazi, na toleo la 9.1, la Januari 2024, wakaliweka wakfu kwa kumbukumbu yake.

Msomaji mwenye kompyuta iliyo na Vim, na aifungue leo, aandike nukta pacha, kisha neno help, kisha uganda, halafu abonye Enter. Habari ya Kibaale imo humo, nayo yaeleza jinsi ya kutoa.