Kuchagua Mahali pa Kupiga Kambi Kando ya Ziwa

Mwalimu anayewapeleka wanafunzi wake kukaa siku mbili au tatu kando ya ziwa, kwa masomo ya Jiografia au Bayolojia, hukabiliwa na uamuzi mmoja kabla hata mizigo haijashushwa: mahema yasimamishwe wapi? Aghalabu uamuzi huo hufanywa jioni, watu wakiwa wamechoka na jua likikaribia kuchwa, na mahali panapochaguliwa ni pale panapopendeza macho: uwanda wa nyasi fupi, kivuli cha migunga, na maji matulivu hatua chache tu mbele. Kwa bahati mbaya, katika maziwa mengi ya Afrika Mashariki kila moja ya sifa hizo yaweza kuwa dalili ya hatari. Nyasi huwa fupi kwa sababu viboko huzila usiku. Uwanda huwa tambarare kwa sababu zamani ulikuwa sakafu ya ziwa. Na maji matulivu yenye majani ndiyo makazi ya konokono wa kichocho.

Makala haya yanaeleza sababu za kisayansi zinazofaa kuongoza uchaguzi huo, kwa wale wanaolala hemani na kwa wale wanaosafiri kwa magari yenye vitanda na jiko ndani, ambayo hapa yataitwa magari ya kambi. Mifano imetolewa hasa katika Ziwa Victoria na Ziwa Naivasha.

Ukingo wa ziwa huhama

Ramani huonyesha ukingo wa ziwa kwa mstari mmoja, kana kwamba mstari huo haubadiliki. Ukweli ni tofauti. Ziwa Victoria, lenye eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi, hupata sehemu kubwa ya maji yake si kutoka mitoni bali kutokana na mvua inyeshayo moja kwa moja juu ya ziwa lenyewe. Na sehemu kubwa ya maji hayo hupotea kwa kugeuka mvuke. Kwa hiyo kina chake hufuata hali ya mvua. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1961 zililipandisha ziwa hilo kwa zaidi ya meta mbili kufikia mwaka 1964. Kiwango cha 1964 hakikufikiwa tena kwa zaidi ya nusu karne, hata watu wakakisahau na kujenga chini yake. Mwezi Mei 2020 maji yalifika meta 13.42 katika kipimo cha Jinja, yakapita kiwango kile kwa kiasi kidogo tu. Na mwaka 2024 yakapanda zaidi ya hapo.

Mwanafunzi ataona umuhimu wa jambo hili akifanya hesabu ndogo. Ikiwa ufuko unapanda kwa meta moja katika kila meta 100, basi maji yakiongezeka kina kwa meta moja tu, ukingo wa ziwa utaingia nchi kavu kwa meta 100. Ufuko wenye mwinuko mkali zaidi, kama ile ya miamba karibu na Mwanza, hauna shida hiyo. Kinachotakiwa kupimwa, basi, si umbali kutoka majini bali ni kimo juu ya maji, na watu wengi hukosea hapo. Kimo hicho hupimwa kwa urahisi kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji, kama wafanyavyo mafundi uashi: maji katika ncha mbili za mpira husimama daima katika usawa mmoja. Kimo cha meta mbili juu ya maji ya siku hiyo ni cha kuridhisha kwa kambi ya siku chache, kwa kuwa maziwa makubwa hupanda polepole. Kambi ya kudumu inahitaji kimo kikubwa zaidi, na pia maelezo ya wazee wa mahali hapo kuhusu mahali maji yalipowahi kufika.

Ziwa Naivasha katika Bonde la Ufa huonyesha historia yake waziwazi. Ziwa hilo halina mto unaotoka juu ya ardhi. Maji yake hupenya chini, ndiyo sababu hayana chumvi kama ya majirani zake. Baada ya kupungua sana karibu na mwaka 2009, lilianza kupanda, na mwaka 2020 lilifurika hadi ndani ya makazi ya watu. Migunga ya manjano iliyokuwa nchi kavu ilizama mizizi, ikakosa hewa, ikafa ikiwa imesimama majini. Mgeni hupenda kupiga picha miti hiyo mikavu yenye ndege juu yake. Anayetafuta mahali pa kulala aitazame kwa nia nyingine: ni vigingi vinavyoonyesha ukingo wa zamani ulikuwa wapi.

Hatari ya mafuriko ya ghafla haitoki ziwani bali nyuma, katika makorongo. Hema lisisimamishwe kamwe katika mdomo wa korongo, hata kama ni kavu kabisa na lina mchanga mzuri. Mvua inayolijaza yaweza kunyesha mbali, mahali ambapo wanakambi hawaoni hata wingu.

Wenyeji wa usiku

Kiboko hukaa majini mchana kwa sababu ngozi yake hupoteza maji upesi juani. Giza likiingia hutoka kwenda malishoni, ambako hula kiasi cha kilo 40 za nyasi kwa usiku mmoja, kisha hurudi kabla ya mapambazuko. Hupita njia ile ile kila siku. Kwa kuwa miguu yake imeachana sana, njia hiyo huwa na vijia viwili sambamba na tuta jembamba la nyasi katikati, hata dereva mgeni aweza kuidhani kuwa njia ya magari na kuegesha gari lake papo hapo. Mnyama huyu hana haja ya kula watu. Bali akikuta kitu kati yake na maji, hukikimbilia, na mbio zake zafikia kilometa 30 kwa saa. Ndiyo maana baadhi ya kambi za Naivasha zimezungushiwa waya wa umeme upande wa ziwa. Pasipo na waya, kambi iwe mbali na njia hizo, na mtu asiende majini usiku kwa sababu yoyote ile.

Naivasha haina mamba. Victoria, Tanganyika na Baringo wanao, na huko hata kuchota maji ukingoni ni kazi ya kufanywa kwa tahadhari.

Pepo mbili na radi

Ili kupasha joto kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Sentigredi, zinahitajika jouli 4,200 hivi. Kilo moja ya mchanga mkavu huhitaji kama 800 tu. Tena joto la jua huenea ndani ya maji kwa kina cha meta kadhaa, ilhali katika mchanga hubaki juu juu. Kwa sababu hizo nchi kavu hupata joto upesi mchana na kupoa upesi usiku, na ziwa hubadilika kidogo tu. Mchana hewa ya nchi kavu hupanda, na hewa ya ziwani huvuma kuja kuijaza nafasi yake. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani.

Mpangilio wa kambi wategemea jambo hili zaidi ya watu wanavyodhani. Desturi ni kuweka choo nyuma ya mahema, yaani upande wa bara, na jiko mbele. Mchana mpango huo ni mzuri, kwa kuwa upepo wa ziwani huipeleka harufu mbali. Usiku, watu wakiwa wamelala, upepo uleule uliogeuka huirudisha yote hemani. Ni afadhali choo kiwekwe kando, sambamba na ukingo wa ziwa, mahali ambapo pepo zote mbili hazipitii kuelekea kwenye mahema. Kiwe angalau meta 30 kutoka majini, na sakafu ya shimo iwe meta moja na nusu au zaidi juu ya maji ya ardhini. Migongo ya mahema ielekee ziwani, kwani upepo wa alasiri ndio wenye nguvu. Jina Naivasha lenyewe latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya maji yanayochafuka, na mwenye kuliona ziwa hilo saa kumi alasiri hahitaji kuelezwa zaidi.

Juu ya Ziwa Victoria pepo za usiku kutoka pande zote hukutana katikati. Hewa yenye unyevu mwingi husukumwa juu, na mawingu ya radi hujengeka usiku hadi alfajiri. Upepo mkuu wa mashariki huyasukuma kuelekea magharibi. Basi mji wa Bukoba hupata mvua zaidi ya mara mbili ya ile ya Musoma, ingawa miji yote miwili iko kando ya ziwa hilo hilo. Anayepiga kambi pwani ya magharibi ajiandae kwa mvua ya alfajiri, hata kama jioni mbingu zilikuwa safi.

Hema halikingi radi hata kidogo, na mti mmoja uliosimama peke yake ni mahali pabaya kuliko pote. Gari lililofungwa lenye bodi ya chuma hukinga, kwa sababu umeme hupita katika ganda la nje bila kuingia ndani, kama Michael Faraday alivyothibitisha mwaka 1836 kwa kuingia mwenyewe ndani ya chumba kilichofunikwa kwa metali. Lakini magari mengi ya kambi yana kuta za mbao au za nyuzi za kioo. Hayo hayana kinga hiyo. Sauti husafiri kilometa moja kwa sekunde tatu hivi; ikiwa kati ya mwanga na ngurumo hazipiti sekunde 30, watu waingie ndani ya gari la chuma au jengo imara, na wasitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

Kichocho

Hili ndilo jambo zito kuliko yote, kwa sababu halina sauti wala halionekani. Mayai ya kimelea cha kichocho cha tumbo huingia ziwani pamoja na kinyesi cha binadamu. Humo huanguliwa na kuingia katika konokono wa jamii ya Biomphalaria. Baada ya wiki chache konokono hutoa viluwiluwi wadogo sana, sekaria, kwa maelfu. Hao hutoboa ngozi ya binadamu kwa dakika chache tu, bila maumivu yanayotambulika. Hutoka kwa wingi wakati wa jua kali, tangu saa nne asubuhi hadi alasiri, yaani saa zile zile ambazo wanafunzi hutamani kuogelea.

Inasemwa mara nyingi kwamba mahali penye mchanga mtupu, pasipo matete wala mafunjo, ni salama. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Konokono wengi hupenda majani na maji yasiyo na mawimbi, lakini katika Ziwa Victoria wako wengine wanaoishi katika mchanga na matope ya sehemu zilizo wazi. Ziwa Nyasa nalo lilisifiwa kwa miaka mingi kuwa halina kichocho. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wageni waliokuwa wameogelea Cape Maclear, upande wa Malawi, walipimwa na kukutwa nacho. Njia ya hakika ni kutoingia majini. Maji ya kuoga yachemshwe, au yachujwe yasiwe na konokono na kuachwa katika pipa safi lililofunikwa kwa siku mbili, kwani sekaria hawaishi zaidi ya hapo. Maji ya kunywa hayatoshi kuachwa tu. Lazima yachemke kabisa. Mwanafunzi aliyeingia majini apimwe baada ya miezi miwili hivi. Dawa ya prazikwanteli hutibu vizuri, ila huua minyoo waliokomaa na si wale wachanga, hivyo kuimeza siku ya pili haisaidii.

Mbu ni jambo linalojulikana, na vyandarua vyenye dawa vitumike hata ndani ya magari. Wale wadudu wanaoruka juu ya Ziwa Victoria kama nguzo za moshi, hasa karibu na mwezi mwandamo, hawaumi. Wao hufuata taa, na taa ikizimwa huondoka.

Magari ya kambi

Gari la tani tatu huweka kilo 750 juu ya kila gurudumu, na gurudumu hugusa ardhi kwa eneo la sentimeta za mraba 250 hivi. Kanieneo yake, basi, ni kilo tatu kwa kila sentimeta ya mraba, mara kumi na tano ya mtu wa kilo 70 aliyesimama kwa nyayo mbili. Ardhi iliyombeba dereva alipoikagua kwa miguu yaweza kulimeza gari lake. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa uwanda wa Kano karibu na Kisumu, huwa mgumu na wenye nyufa wakati wa kiangazi, na huvimba na kuteleza baada ya mvua moja. Kipimo chake ni rahisi: udongo ulowanishwe na kufinyangwa uwe kama uzi. Ukifikia unene wa milimeta tatu bila kukatika, ni wa mfinyanzi, na gari libaki barabarani.

Gari pia lisimame sawasawa, si kwa ajili ya usingizi tu. Jokofu la gesi lililomo katika magari mengi ya namna hii, lililobuniwa mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa Stockholm, von Platen na Munters, halina pampu. Vimiminiko vyake hushuka kwa nguvu ya uvutano peke yake. Likiinama hukwama, na chakula huoza. Bakuli la maji likiwekwa sakafuni litaonyesha upande upi uongezewe ubao.

Usiku wa Naivasha, kwenye kimo cha meta 1,880 hivi juu ya usawa wa bahari, ni wa baridi kali, na hapo hutokea ajali ambayo haina uhusiano na ziwa. Watu huingiza jiko la mkaa hemani au garini ili kupata joto, kisha hufunga zipu na madirisha. Mkaa unaoungua kwa hewa haba hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala haamki. Jiko, hata lile linaloonekana limekwisha kuzimika na kubaki majivu, lilazwe nje, na mablanketi yaongezwe.