Mheshimiwa Alisema Nini Jumamosi?

Bunge la Taifa la Kenya hukaa Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, na Alhamisi alasiri. Kuanzia Ijumaa waheshimiwa wako njiani kurudi nyumbani, na Jumamosi ni nadra kukuta matanga makubwa, kuanzia Seme hadi Nyakach hapa Kisumu, yasiyo na gari refu lililoegeshwa chini ya mwembe. Familia ikishasema yake, kanisa likishamaliza, kipaza sauti hupewa mwanasiasa. Huanza na pole na bahasha ya rambirambi, kisha pole pole huingia kwenye ripoti ya wiki: yaliyojiri Nairobi, barabara imefika wapi, basari zitatoka lini, na nani ndani ya chama anamtafuta. Asiyefika matangani huyasikia hayo hayo Ramogi FM au Radio Nam Lolwe.

Hakuna sheria inayomlazimisha mbunge kutoa ripoti ya kila wiki. Gavana ndiye anayetakiwa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kutoa hotuba ya hali ya kaunti, tena mara moja kwa mwaka, na mwakilishi wadi anatakiwa na sheria hiyo hiyo kuwa karibu na waliomchagua. Kwa hiyo Jumamosi ni desturi yetu wenyewe, na mimi siidharau. Sehemu nyingi za dunia mpiga kura humwona mbunge wake kwenye bango tu.

Kazi yangu ni kuwafundisha watu kusoma bajeti, na miaka niliyokaa kwenye viti vya plastiki vya matanga imenifunza kuacha kusikiliza nomino. Shule, daraja, taa, bwawa, kila mwanasiasa anazo mfukoni. Siku hizi nasikiliza vitenzi.

Kitenzi cha kwanza ni "nimeleta". Kwa Dholuo ni "asekelo", na utamu wake ni ule ule. Hakisemi umeleta kutoka wapi, kwa pesa za nani, wala kwa mamlaka gani. Ukifungua Kifungu cha 95 cha Katiba ya 2010 utakuta mbunge ni wa kuwakilisha watu, kutunga sheria, kuamua mapato yagawanywe vipi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti, kuidhinisha matumizi ya serikali ya kitaifa na kuisimamia isiyafuje. Kujenga hakumo. Mlango pekee wa mbunge kuingilia ujenzi ni hazina ya maeneo bunge, iliyoanza kwa sheria ya 2003 na leo inaitwa NG-CDF. Herufi mbili za mwanzo ziliongezwa na sheria ya 2015 ili kuweka wazi kwamba pesa hizo ni za majukumu ya serikali ya kitaifa: madarasa ya msingi na sekondari, basari, kambi za polisi, ofisi za machifu. Zahanati, soko, maji ya bomba na barabara ya kijijini ni mambo ya kaunti. Mbunge akikuambia ameleta zahanati, muulize kwa upole ilipitia mlango gani.

Hata mlango huo una msukosuko. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilibatilisha sheria ya hazina hiyo ya 2013, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikatamka kwamba ile ya 2015 nayo inakiuka Katiba, ikaipa muda wa kuishi hadi tarehe 30 Juni 2026. Wabunge walikata rufaa, na mwaka 2025 Bunge la Taifa likapitisha mswada wa kuiingiza hazina hiyo ndani ya Katiba yenyewe. Ndiyo maana ripoti nyingi za miezi hii zimejaa basari. Mzazi anayedaiwa karo hana haja na mjadala wa ugatuzi, na mwanasiasa anajua hilo vizuri.

Swali la nani ameleta nini lina damu Kisumu. Hospitali tunayoiita Russia ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, na kila mtu wa hapa alijua ni urafiki wa nani uliofungua mkono wa Moscow. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alikuja kuifungua. Jaramogi Oginga Odinga, makamu wake wa zamani aliyekwisha kuhamia upinzani, alikuwapo. Maneno yakawa makali, umati ukazomea, walinzi wakafyatua risasi, na watu wakafa, watoto wakiwamo. Siku chache baadaye chama cha Jaramogi, KPU, kilipigwa marufuku na yeye akawekwa kizuizini. Jina la Jaramogi liliandikwa kwenye lango la hospitali ile miaka mingi baadaye.

Nimeirudia Russia kwa sababu nyingine pia. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013 hospitali hiyo ilikuwa chini ya kaunti. Dawa zikikosekana, wa kuulizwa ni gavana na bunge la kaunti. Mwaka 2025 ilipandishwa hadhi kuwa hospitali ya rufaa ya kitaifa, na kwa Jedwali la Nne la Katiba hospitali za namna hiyo ni mzigo wa serikali ya kitaifa. Jengo ni lile lile, foleni ni ile ile, lakini mtu wa kuulizwa amebadilika: sasa ni waziri, na anayeweza kumbana waziri kwa niaba yako ni mbunge. Mwakilishi wadi anayeahidi leo kwamba ataisafisha Russia anaahidi nyumba ya jirani.

Jedwali hilo la Nne lingefaa kubandikwa ukutani kwenye kila baraza la chifu, ingawa halijibu kila kitu. Chukua ziwa letu, Victoria. Uvuvi umewekwa kwa kaunti, kwa hiyo mwalo, mizani, barafu na choo cha wachuuzi wa omena ni maswali ya kaunti. Lakini mvuvi aliyekamatwa na askari wa Uganda karibu na kisiwa cha Migingo hawezi kusaidiwa na gavana, kwa kuwa mipaka na uhusiano na nchi nyingine ni kazi ya Nairobi. Kenya inamiliki asilimia 6 tu ya ziwa hili, na wavuvi wetu wakifuata mbuta hujikuta upesi kwenye maji ya watu. Mafuriko ya Kano nayo hivyo hivyo. Mtaro wa mjini uliojaa taka ni wa kaunti. Mto Nyando, unaoteremka na maji ya milima ya Nandi na Kericho hadi kwenye tambarare yetu, unapita kaunti zaidi ya moja, na usalama wa mabwawa umeandikwa upande wa serikali ya kitaifa. Hapo ndipo hukaa kitenzi cha pili, kile cha "-ta-". Ahadi ya bwawa la Soin-Koru kwenye mto huo imesemwa hivyo kwa miongo: litajengwa, litazuia maji, litatoa umeme. Kila msimu wa mvua kubwa familia hulala kwenye madarasa, na kila mara kuna wa kuja kuwaambia "litajengwa".

Kitenzi cha tatu ni "tunafuatilia". Mzee husimama, akauliza: "Mheshimiwa, daraja letu limefia wapi?" Naye hujibiwa: "Jaduong', hilo tunalifuatilia." Watu hupiga makofi. Mimi huuliza limefuatiliwa kwa njia ipi, maana bungeni kufuatilia kuna umbo. Kuna swali kwa waziri, kuna ombi la taarifa, kuna hoja, na Kifungu cha 119 kinamruhusu hata wewe mwananchi kupeleka malalamiko rasmi Bungeni. Vyote hivyo vina tarehe na vyote huingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Kila Alhamisi upande wa Kiongozi wa Wengi husoma shughuli za wiki inayofuata, kwa hiyo mbunge anayepanda jukwaani Jumamosi anajua tayari Jumanne kuna nini. Asipokuambia, ameamua kutokuambia.

Cha nne kinahitaji subira kidogo: "imetengwa". Shilingi milioni kadhaa zimetengwa kwa ajili ya soko lenu. Hapa ndipo watu wengi hupotea, na siwalaumu, maana hesabu za serikali hazikuandikwa kwa ajili yao. Safari ya pesa za kaunti ni hii. Kufikia tarehe 1 Septemba kaunti huwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka. Mwishoni mwa Februari huja waraka wa sera ya fedha unaoweka kikomo cha kila idara. Kufikia tarehe 30 Aprili makadirio yenyewe hufika kwenye bunge la kaunti, na yanatakiwa kupitishwa kabla ya mwaka wa fedha kuisha tarehe 30 Juni. Mradi unaweza kutajwa kwenye mpango wa Septemba usionekane kwenye makadirio ya Aprili. Ukionekana, umetengewa, basi. Pesa hazitoki mpaka Msimamizi wa Bajeti aidhinishe, zikitoka si lazima zitumike, na zikitumika bado mwanakandarasi anaweza kuwa anadai. Mwanasiasa anaweza kutangaza mradi mmoja katika kila kituo cha safari hiyo, na ukahesabu miradi mitano.

Inayofuata kwa kawaida ni lawama: "Nairobi haijatuma pesa." Mara nyingi ni kweli. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipoondolewa Juni mwaka huo baada ya maandamano ya vijana, mgao wa kaunti zote 47, uliokuwa umewekwa kuwa shilingi bilioni 400, ulikatwa. Wabunge na maseneta walivutana miezi kadhaa hadi wakakubaliana bilioni 387. Mwaka wa fedha wa 2025/26 ukawa bilioni 415. Sehemu ya Kisumu katika miaka ya karibuni imekuwa bilioni 8 na ushee, na mgao ukichelewa, muuguzi wa zahanati hukosa mshahara. Hapo siasa za kitaifa huwa jambo la kijijini kabisa. Ila si lazima umwamini msemaji wala umkatalie. Kila mwezi Wizara ya Fedha huchapisha katika Gazeti Rasmi orodha ya pesa zilizotoka, kaunti moja moja, na kila robo mwaka Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti ya kila kaunti ilipokea nini, ilikusanya nini yenyewe kwenye maegesho na masoko kama Kibuye, ilitumia kwa nini, na inadaiwa kiasi gani. Ndani ya ripoti hizo utakuta safari za waheshimiwa pia. Mtu akianza kuzisoma huwa haachi.

Barabara zina ugomvi wake. Julai 2024 ushuru wa matengenezo ya barabara ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita ya mafuta, na mwendesha boda boda wa Kondele anaulipa kila anapojaza tangi. Sehemu ya pesa hizo, shilingi bilioni 10.5, ikawa kamba ya kuvutana: magavana wanasema barabara za kaunti ni zao kwa Katiba, wabunge wanataka pesa zipitie mamlaka za kitaifa, na wakafikishana mahakamani. Ukisikia wawili wakijisifu kwa kipande kimoja cha murramu, sasa unajua chanzo.

Seneta hana hazina ya kujenga. Nguvu yake iko kwenye mgao wa pesa za kaunti na katika kumwita gavana ajibu ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, kwa hiyo seneta anayetaka sifa anapaswa kukuletea majibu ya gavana. Mwakilishi wadi naye amekatazwa na ile sheria ya kaunti ya 2012 kushiriki katika utendaji wa kaunti, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Anayekwambia "taa hii nimeisimamisha mimi" anajisifu kwa kosa.

Zamani sehemu ya mambo ya kitaifa katika ripoti ya Jumamosi ilikuwa fupi: "Baba amesema." Baba huyo, Raila Odinga, alifariki tarehe 15 Oktoba 2025, Kisumu ikamuaga katika uwanja wa Mamboleo, akazikwa Bondo. Tangu hapo kila msemaji anaeleza kivyake Baba angesema nini, na matangani mtu anaweza kusikia majibu matatu kabla ya chakula. Kwa msikilizaji wa kawaida hii ni nafasi. Salamu za chama zikikosa uzito, maswali ya daraja na dawa yanaweza kupata dakika zao.

Na ukiona aibu kuuliza matangani, mbele ya wafiwa, iko njia isiyohitaji kipaza sauti. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuiandikia ofisi yoyote ya umma, ya kaunti au ya kitaifa, ukiomba mkataba, orodha ya waliopata basari au hesabu za mradi. Kupeleka ombi hakuna ada, labda gharama ya nakala. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na ikinyamaza unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo watu huiita Ombudsman. Barua huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika atamweleza ofisa kwa mdomo, na sheria inamtaka ofisa huyo aiandike kwa niaba yake.