Gunia la Kahawa na Unyevu wa Safarini

Mkulima akisikia kwamba kahawa iliyopakiwa Kilindini imefika Ulaya magunia yakiwa na koga, aghalabu hudhani kuwa meli iliingiwa na maji ya bahari. Mara nyingi sivyo. Maji hayo yalipakiwa Mombasa pamoja na kahawa yenyewe.

Kontena la futi 20 huchukua magunia kama 300 ya kilo 60, yaani tani 18. Kahawa iliyokauka vizuri, yenye maji sehemu 11 katika mia, bado ina karibu tani 2 za maji. Hayaonekani wala hayadhuru, maadamu yametulia ndani ya punje. Lakini kontena likikaa juani bandarini, bati lake hupata moto, na maji kidogo hutoka katika punje na kuingia katika hewa iliyofungiwa humo. Meli ikifika kaskazini, tuseme Hamburg mwezi wa Januari, bati hupoa upesi kuliko kahawa. Hewa ya joto hugusa dari baridi, na mvuke hugeuka matone, kama yale yaonekanayo chini ya kifuniko cha sufuria ya wali. Matone hayo hudondoka juu ya magunia.

Sasa tulitazame gunia. Juti ni uzi wa mmea, kama mkonge wetu, na uzi wa mmea hunywa maji. Katika hewa ya kadiri hubeba maji kama sehemu 13 katika mia ya uzito wake mkavu. Hewa ikijaa unyevu, hupita sehemu 30. Gunia halichagui. Hunyonya matone ya juu, unyevu wa sakafu ya mbao na mvuke wa kahawa, kisha huurudisha kwa punje zinazoligusa. Unyevu wa hewa iliyo kati ya nyuzi ukipita sehemu 70 katika mia, koga huweza kuota. Likikaa hivyo siku nyingi, uzi wenyewe huliwa, mishono hulegea, na gunia hupasuka linapoinuliwa. Hata lisipopasuka, kahawa hushika harufu ya gunia; waonjaji huitambua mara moja, na bei hushuka.

Mwaka 2004 Shirika la Kahawa la Kimataifa lilishauri kwamba kahawa ya kusafirishwa iwe na maji kati ya sehemu 8 na 12.5 katika mia. Kazi hiyo huanza kwenye meza za kuanikia, si bandarini. Ghalani, magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, wala yasipakiwe wakati wa mvua. Gunia tupu nalo lianikwe. Watu wengi huanika kahawa siku nyingi, kisha huitia katika gunia lililolala juu ya saruji! Wapakiaji nao hutandika karatasi nene ndani ya kontena, na wengine hutundika mifuko ya chumvi inayovuta unyevu.

Siku hizi kahawa ya bei kubwa hutiwa kwanza katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ndipo ikaingia guniani. Mfuko huo huzuia unyevu wa nje vizuri sana. Lakini kahawa isiyokauka ikifungwa humo, maji yake hayana pa kutokea, nayo itaota koga ndani ya mfuko hata gunia likiwa kavu kabisa.