Bunduki Iliyomeza Nyundo Zake

Muuzaji wa bunduki za kale hukuonyesha nakshi kwanza: maua yaliyochongwa kwa patasi nyembamba, mbwa anayenusa, kwale wanaoruka. Anayejifunza boksiloki ya Kiingereza, yaani bunduki ambayo mitambo yake imefichwa ndani ya bweta la chuma, afanye kinyume. Akishahakikisha haina risasi, aitenganishe mitutu na kuipindua. Historia ya bunduki hii imegongwa upande ambao wanunuzi wengi hawautazami.

Mwaka 1851, kwenye Maonyesho Makuu ya London, Waingereza waliona bunduki ya Mfaransa Lefaucheux iliyokunjika katikati na kupokea risasi kwa nyuma. Waliiga upesi, lakini kwa miaka zaidi ya ishirini nyundo ziliendelea kukaa nje. Mwindaji alizikoki moja moja kwa kidole gumba, na nyundo ikinasa kwenye tawi au koti, mtu angeweza kufa.

Dawa iliyoenea ilitoka Birmingham mwaka 1875. William Anson na John Deeley, watu wa kiwanda cha Westley Richards, walisajili hataza ya mtambo ambao nyundo zake zimo ndani na hujikoki zenyewe. Nguvu waliyoitumia ilikuwepo siku zote: mitutu yenyewe inaposhuka.

Ndani kuna mikono miwili ya chuma, mmoja kwa kila mtutu, na ncha zake za mbele zimeingia kwenye kishikio cha mbele. Bunduki ikikunjwa, kishikio huzikandamiza ncha hizo; ncha za nyuma huinuka na kuirudisha nyundo dhidi ya kamani yake, mpaka kijino kidogo kiinase. Ukivuta traiga, kijino huachia, kamani huitupa nyundo mbele. Pini inayogonga fataki si kipande cha pekee: ni pua ya nyundo hiyohiyo. Nyundo, kamani, kijino na mkono, basi. Vyote vimelala ndani ya bweta la chuma na kufunikwa kwa bamba chini. Ubavuni huonekana tu vichwa vya vijiti vinavyovishikilia.

Mimi naona huu ndio uhandisi uliokomaa, ingawa matajiri wa London hawakuupa heshima hiyo. Wao walipenda saidiloki, ambayo mitambo yake imefungwa kwenye mabamba mawili ya ubavuni, na mabamba hayo yanatoa nafasi kubwa ya nakshi. Theodore Roosevelt alipotua Mombasa mwaka 1909, rafle ya mitutu miwili aliyokuwa amezawadiwa na Waingereza ilikuwa Holland & Holland ya aina hiyo. Wapenzi wa saidiloki wana hoja moja yenye uzito: boksiloki huchimbwa chuma kingi pale penye kona ya bweta, panapobeba mshtuko. Lakini rafle nyingi za mitutu miwili zilizoletwa Afrika Mashariki kuwindia tembo na nyati zilijengwa juu ya mtambo wa Anson na Deeley, na baruti zake zilikuwa kali kuliko za bunduki yoyote ya kwale.

Washindani nao walijua thamani yake. W. W. Greener alitoa mtambo wake mwaka 1880, akashtakiwa kwa kuiba wazo, kesi ikapanda hadi Bunge la Malodi, akashinda. Hataza ya Anson na Deeley ilipomalizika, Birmingham nzima iliitengeneza boksiloki, na maduka ya miji midogo yakachonga majina yao juu ya bunduki ambazo hayakuziunda. Kwa hiyo jina la ubavuni lisikutishe wala kukulevya.

Soma mihuri iliyo chini ya mitutu. Nyumba ya Majaribio ya Birmingham, iliyoanzishwa mwaka 1813, hufyatua kila bunduki kwa baruti ya kupindukia kabla haijauzwa. Herufi NP chini ya taji, za kuanzia 1904, zinaonyesha kuwa ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Maneno NOT FOR BALL (si ya risasi nzima) ni ya kati ya 1875 na 1887, onyo kwamba mdomo wa mtutu umebanwa kwa ajili ya marisau.

Kisha pima chemba. Nyingi za zamani ni za milimita 65, na risasi nyingi za leo ni za milimita 70. Hatari ni kwamba ya 70 huingia bila shida, kwa sababu urefu huo ni wa ganda lililokwisha kufunguka. Ikilipuka, mdomo wa ganda hufungukia mahali ambapo mtutu umeshaanza kuwa mwembamba, na shinikizo hupanda kwenye chuma cha miaka mia.

Mwisho tazama skrubu. Kwenye bunduki iliyofanywa kwa uangalifu, mifereji ya vichwa vyake imenyooka sambamba na mitutu. Ukikuta imepinda na kingo zake zimechubuka, jua kuna mtu aliwahi kuifungua kwa bisibisi ya nyumbani. Mwombe muuzaji alitoe lile bamba la chini, na akikataa, rudi na hela zako.