Chumvi ilipokuwa ghali: mapishi ya Uswidi na njaa ya majira ya baridi

Kopo la surströmming halifunguliwi ndani ya nyumba. Wenyeji wa Höga Kusten, pwani ya kaskazini mwa Uswidi, hulitoa nje, na wengine hulizamisha kwanza kwenye ndoo ya maji kabla ya kulitoboa. Kopo lenyewe huwa limevimba kwa gesi. Harufu ikishatoka, hata papa mkavu wa sokoni Darajani, Zanzibar, ataonekana ni maua. Mwaka 2006 mashirika ya ndege ya Air France na British Airways yalipiga marufuku makopo hayo ndegeni, yakihofia kuwa yangeweza kulipuka.

Mle ndani hamna uozo. Ni heringi wadogo wa Bahari ya Baltiki, wanaovuliwa majira ya kuchipua wakiwa karibu kutaga. Hukatwa vichwa, hutolewa matumbo, kisha huachwa wiki kadhaa kwenye mapipa ya maji ya chumvi hafifu: chumvi ya kuzuia samaki asioze, lakini isiyotosha kumzuia asichachuke. Hata baada ya kutiwa makoponi huendelea kuchachuka, ndiyo maana bati hufura.

Kwa nini chumvi ibanwe hivyo? Kwa sababu ilikuwa ghali. Maji ya Baltiki yana chumvi kidogo mno, na jua la huko haliwezi kuyakausha. Kwa karne nyingi Uswidi ilitegemea meli zilizoleta chumvi kutoka Ureno, Hispania na Ufaransa, na vita vikizuka, mizigo ilichelewa au haikufika kabisa. Tajiri alikoleza samaki wake apendavyo. Mvuvi maskini alipima kwa kiganja, na kile alichokipata kwa kubana matumizi sasa kina siku yake: kwa desturi, samaki wa mwaka huo huanza kuliwa Alhamisi ya tatu ya Agosti, kwa viazi vya kuchemsha, vitunguu na mkate mwembamba wa shayiri.

Mkate nao una hesabu yake. Vinu vya maji vilisaga pale tu mito ilipokuwa na maji ya kutosha, kwa hiyo kaya nyingi zilioka mara chache kwa mwaka. Mkate mkavu wa rai, nafaka ya jamii ya ngano, ulitobolewa katikati na kutungwa kwenye mti uliopita chini ya dari, ukakaa huko miezi.

Alhamisi ni siku ya supu ya njegere za manjano na nyama ya nguruwe, ikifuatiwa na chapati za maji zenye jamu. Desturi hiyo inasemekana ilianza zama za Ukatoliki, watu waliposhiba kabla ya mfungo wa Ijumaa. Uswidi iligeukia Uluteri karne ya 16, mfungo ukaisha, supu ikabaki. Jeshini bado hupakuliwa Alhamisi. Inasimuliwa pia kuwa Mfalme Erik XIV, aliyekufa kifungoni mwaka 1577, alitiliwa sumu kwenye supu hiyohiyo. Kaburi lilipofunguliwa mwaka 1958, mabaki yake yalikutwa na aseniki. Kuhusu bakuli, hakuna ushahidi.

Ajabu ni kwamba chakula kinachoitangaza Uswidi duniani ni vile vidonge vya nyama ya kusaga. Mwaka 2018 akaunti rasmi ya nchi hiyo kwenye Twitter iliandika kuwa vilitoka kwa Waturuki, vikiletwa na Mfalme Karl XII. Waturuki walishangilia, baadhi ya Waswidi wakanuna. Wanahistoria wana shaka na vidonge, ila hawabishani sana kuhusu kåldolmar, nyama iliyofungwa kwenye majani ya kabichi. Karl alishindwa na Warusi huko Poltava mwaka 1709, akakimbilia himaya ya Uthmaniya hadi 1714, na aliporudi, wadai wake walimfuata. Kule Uthmaniya mlo kama huo, dolma, hufungwa kwa majani ya mzabibu. Uswidi kulikuwa na kabichi.

Mfalme huyo aliuawa tarehe 30 Novemba 1718. Wazalendo wenye siasa kali waliwahi kuifanya siku hiyo ya maandamano. Tangu 2010, Waswidi wengine huiadhimisha kwa kupika kåldolmar.