Mahindi, Kayongo na Jeshi la Udongoni

Kayongo, gugu lenye maua ya zambarau ambalo kwingine huitwa kiduha, huyadhuru mahindi ya Ogwedhi na sehemu nyingine za Migori kabla halijachomoza juu ya ardhi. Mbegu yake, ndogo kama chembe ya vumbi, huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 ikingoja mzizi. Ikiamka, hujipachika kwenye mzizi huo na kufyonza maji na chakula. Mkulima anapoliona ua, zao limekwisha kudumaa.

Kinachoiamsha mbegu hiyo ni kemikali zinazotolewa na mizizi yenyewe, ziitwazo strigolaktoni. Ya kwanza ilitambuliwa mwaka 1966 kutoka mizizi ya pamba, na kwa karibu miaka 40 swali lilibaki: kwa nini mmea umwite adui wake? Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kwamba wito ule hulengwa kwa kuvu wa mikoriza, ambao huingia mizizini na kuuletea mmea fosforasi, nao wakalipwa sukari. Kayongo ni mdukizi tu, hudaka ujumbe usio wake.

Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Mzizi ukikosa fosforasi, ambayo ni haba katika mashamba mengi ya magharibi mwa Kenya, huzidisha wito. Kuvu wakishafika na kukaa, wito hupungua. Shamba lililochoka, lisilo na kuvu wa kutosha, humwita adui bila kukoma.

Viumbe wengine wa udongoni wana kazi zao. Kuvu wa trichoderma hujizungusha kwenye kuvu waozesha mizizi na kuwala. Wapo pia wanaowanasa minyoo wadogo wanaovimbisha mizizi ya nyanya na tumbaku. Bakteria fulani huuzoeza mmea kujihami mapema, hata jani likawa tayari kabla ya kung'atwa. Wengi wao huishi kwa mboji, kwa hiyo kuchoma mabua kila baada ya mavuno ni kuwanyima chakula.

Huko Mbita, Homa Bay, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilianza mwaka 1997 kueneza kwa wakulima mbinu ya sukuma-vuta. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na harufu yake huwafukuza nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua. Majani ya mabingobingo au brakiaria yaliyozunguka shamba huwavuta nondo hao. Mizizi ya desmodiamu hufanya kazi kubwa zaidi: huiamsha mbegu ya kayongo, kisha huizuia isijishikize, ikafa kwa njaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliongeza jambo la kustaajabisha: mahindi yaliyooteshwa katika udongo uliotoka mashamba ya sukuma-vuta yalikuwa na kemikali nyingi zaidi za kujihami kuliko yale ya udongo wa mahindi matupu. Ulinzi ulikuwa umebaki udongoni.

Njia nyingine humtumia fuzari, kuvu anayeshambulia kayongo na kuyaacha mahindi. Huletwa kijijini kwenye kijiti cha kuchokolea meno, huzalishwa siku chache katika mchele uliopikwa, kisha kiasi kidogo hutiwa katika kila shimo la mbegu. Majaribio ya wakulima 500 magharibi mwa Kenya, yaliyochapishwa mwaka 2016, yaliongeza mavuno kwa asilimia 56 katika mvua za masika na 42 katika mvua za vuli.

Desmodiamu hutaka subira. Msimu wa kwanza hukua polepole na hupaliliwa kwa mkono, lakini ikishashika hudumu miaka kadhaa, majani yake yakikatwa kulisha ng'ombe. Jembe halifiki katika mistari yake, na nyuzi za kuvu wa mikoriza, ambazo kila kilimo kipya huzikata, hubaki humo zikiwa nzima hadi mahindi mengine yapandwe kando.